Mama Rudia na Chembe Elfu Saba

Katika idara ya dharura ya hospitali ile kulikuwa na dirisha dogo la kioo, ukubwa wake kama trei ya vikombe sita. Nyuma ya dirisha hilo, kwa miaka ishirini na sita, aliketi mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini na miwani mbili: moja ya kusomea, na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Alikuwa mpimaji wa damu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni, lakini kitambulisho hicho kilikuwa na tabia ya kugeuka mgongo, na hakuna aliyejisumbua kukigeuza. Watu walimwita Mama Rudia.

Jina hilo alilitolea jasho. Muuguzi alikuja mbio na chupa ya damu ya mtoto, ndogo kama kidole cha mwisho, akaipitisha dirishani. Mama Rudia akaiinamisha kushoto, akaiinamisha kulia, kisha akaingiza kijiti chembamba na kukivuta polepole, kama mtu anayevua samaki kwenye kikombe. Kijiti kikitoka na uzi wa damu iliyoganda, neno lilikuwa moja tu.

"Rudia."

"Mama jamani! Huyu mtoto amenipiga teke la tumbo wakati namtoa hiyo."

"Basi safari hii simama ubavuni mwake. Rudia, mwanangu."

Hakuwa mkorofi. Damu ya mtu ina chembe za kila namna, na katika hizo zote Mama Rudia alizipenda zaidi chembe sahani. Ni ndogo mno, hazina rangi ya kujivunia, hakuna anayezitaja mpaka siku amejikata. Hapo hukimbilia penye tundu, zikashikana, zikaziba. "Mafundi bomba wangu," alizoea kuziita. Mtoto mwenye afya huwa nazo laki moja na nusu na zaidi katika kitone kisichozidi kichwa cha pini. Zikipungua sana, mwili huanza kuvuja kimya kimya, kwenye fizi, puani, chini ya ngozi.

Tatizo ni kwamba mafundi bomba hao hushikana hata ndani ya chupa, hasa damu ikiwa imechukuliwa kwa shida kutoka kwa mtoto anayerusha miguu. Wakishikana kumi, mashine huwahesabu mmoja. Ni sawa na kuhesabu wageni kwa kuhesabu miavuli mlangoni. Kwa hiyo mashine ikisema chembe za mtoto ni chache, Mama Rudia hakusadiki mpaka apake tone la damu kwenye kioo, alitie rangi, alichungulie kwa hadubini. Ukutani mbele yake kulikuwa na karatasi iliyogeuka manjano, mwandiko wake mwenyewe: JICHO KWANZA, KALAMU BAADAYE.

Mashine yenyewe aliiita Shemeji. Alipoulizwa kwa nini, alisema, "Si unamwona? Anavaa vizuri, anaongea kwa uhakika, na kila mtu nyumbani anamwamini kuliko mimi."

Na mara nyingi Shemeji aliaibika. Mwezi ule peke yake, watoto kumi na mmoja walitajwa kuwa na chembe chache, na wote kumi na mmoja, damu iliporudiwa, walikutwa wazima kabisa. Daktari kijana wa zamu, aliyekuwa na haraka ya kujifunza kila kitu, alikuwa ameshalishika somo. Akiona karatasi imeandikwa "rudia", alicheka na kusema, "Hizo ni chembe za Shemeji," akaendelea na mgonjwa mwingine.

Sasa, Jumanne moja, saa nne asubuhi, chai ya Mama Rudia ilikuwa imefika kwenye ujoto anaoutaka.

Chai haikuruhusiwa kuingia maabara. Ilikaa kwenye meza ya chumba cha pili, na ujoto wake mzuri ulidumu kama dakika nne, ukikawia umeukosa. Alikuwa ameshainuka kitini Shemeji alipolia na kutoa karatasi. Mtoto wa kike, miaka mitano. Chembe sahani elfu saba.

"Elfu saba!" Mama Rudia aliguna. "Shemeji, leo umeamka na ulevi."

Na hapo, bila kuingiza kijiti, bila kupaka kioo, akiwa kasimama mguu mmoja ndani na mmoja nje, aliandika kwenye karatasi: *Imeganda. Rudia.* Akaipitisha karatasi dirishani, akaitupa chupa kwenye kikapu cha sampuli zilizokataliwa, akaenda kwenye chai yake.

Ilikuwa chai nzuri sana. Baadaye alisema hakuwahi kunywa nyingine iliyomgharimu vile.

Hakuwa amefika nusu ya kikombe muuguzi alipogonga mlango wa chumba hicho. Huyu alikuwa yule yule wa teke la tumbo, dada mrefu mwenye maneno mengi, na leo maneno yalimpungukia.

"Mama, ile ya kurudia hutaipata."

"Mtoto amekataa?"

"Mtoto yuko chini ya kitanda, anasema yeye ni panzi na panzi hawana damu. Lakini si yeye. Daktari amesema tusihangaike tena na sindano. Anasema wewe ukishaandika rudia, damu ni nzima, yeye anakujua. Kwa hiyo zile alama ni za mkono wa mtu. Amempigia afisa wa ustawi wa jamii, yuko njiani."

"Alama gani?"

"Hukuambiwa? Mwili mzima, mama. Madoa ya bluu, mgongoni, mapajani. Analelewa na mama wa kambo. Na shangazi wa mtoto amekuja naye, anapiga kelele pale kama king'ora. Anataka mtoto aondoke naye leo hii, asirudi tena kwa yule mama. Na mama mwenyewe hajitetei, anakaa tu."

Mama Rudia aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alikiweka bila kutazama anakiweka wapi, na kikakaa nusu juu ya meza, nusu hewani.

Alirudi maabara, akapiga magoti mbele ya kikapu. Chupa ilikuwa juu juu, haijafunikwa na nyingine. Akaiinamisha kushoto, akaiinamisha kulia. Akaingiza kijiti, akakivuta.

Kilitoka kisafi. Akajaribu tena, safari hii akizungusha mpaka chini kabisa. Hakuna uzi. Damu haikuwa imeganda hata chembe.

"Ee Mungu wangu," alisema. Muuguzi, aliyekuwa amebana pua yake kwenye kioo cha dirisha, alisema ndani ya moyo wake: leo kuna jambo.

Akapaka tone kwenye kioo, akalivuta likawa jembamba kama ulimi wa paka, akalipepea likauke, akalimwagia rangi. Sasa ilibaki kungoja. Rangi ile inataka dakika kumi, na haijali nani yuko njiani. Mama Rudia aliitazama saa ya ukutani, akaitazama rangi, kisha akafanya kitu ambacho hakukifanya sana. Akatoka nje ya chumba chake na kwenda kumwona mwenye damu.

Aliisikia sauti ya shangazi kabla hajafika kwenye pazia.

"Nilimwambia kaka yangu! Nilisema, huyo mwanamke ni fundi cherehani, mtu wa mkasi na pini, utampaje mtoto wa marehemu? Kaka yangu yuko barabarani na lori lake wiki ya tatu, hajui mwanawe amegeuzwa ramani!"

"Wifi, punguza sauti, mtoto anasikia," ilisema sauti nyingine, ya chini, iliyochoka.

"Asisikie kwa nini? Si mwili wake?"

Nyuma ya pazia, mama wa kambo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa kitanda, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni kama aliyeitwa katikati ya gauni la mtu. Mkono wake mmoja ulikuwa umeingia chini ya kitanda, na huko chini kulikuwa na mkono mwingine, mdogo, umeukamata.

Daktari kijana alisimama kando na jalada kifuani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamua kufanya lililo sawa na anatamani limalizike upesi.

"Mama," alisema, "hujawahi kuja huku."

"Nimekuja kumtafuta panzi," Mama Rudia alijibu, akainama mpaka magoti yake yakalia. "Hodi huko."

"Hakuna mtu," ilisema sauti ya chini ya kitanda.

"Najua. Natafuta mdudu. Mimi ndiye ninayehesabu damu ya wadudu hapa."

Sauti ikajibu, "Panzi hawana damu."

"Wanayo, ila si nyekundu. Toa mguu mmoja nihesabu."

Mguu ulitoka polepole, peku, vidole vimekunjwa. Mama Rudia alivaa miwani ya kwanza, akaivua, akavaa ya pili. Juu ya kifundo, pale soksi ilipobana, kulikuwa na vitone vyekundu vidogo kama ncha za pini, mamia, vimejipanga kama mshono. Juu zaidi palikuwa na doa la bluu, na doa hilo lilikuwa limezungushiwa mstari mweupe wa chaki.

"Umeona hiyo?" daktari alisema kwa sauti ya chini. "Ameyachora. Kila doa lina duara. Mtu mzima anamchorea mtoto mwili, mama. Hiyo ni nini?"

Mama wa kambo aliinua uso. "Ni chaki yangu ya kazi."

"Kwa nini umemchora, mama?" Mama Rudia aliuliza.

"Nilitaka kujua kama yanakua. Kitambaa ukitaka kujua kama kinapungua kwenye maji, unakichora kwanza." Alisema kama mtu anayemwelekeza mteja. "Yalianza Alhamisi, mawili. Nikadhani ni kuruka kwake, anaruka kutwa nzima, ndiyo maana tunamwita Panzi. Kila asubuhi nilikuwa nachora upya. Jana yalikuwa tisa. Leo asubuhi mswaki ulitoka na damu, nikafunga cherehani nikaja."

"Aliugua kabla ya hapo?"

"Mafua tu. Wiki mbili zilizopita."

"Maneno matamu hayo," shangazi aliingilia. "Kila mtu ana hadithi akishafika hospitali!"

Mama Rudia hakumjibu. Alikuwa amepata na mkono sasa, kwa kubadilishana na kalamu yake ya bluu, ambayo Panzi aliidai kama ada. Penye kitobo cha sindano ya asubuhi, pamba ilikuwa imelowa. Saa nzima, na kitobo kidogo vile bado kilikuwa kinavuja. Na juu ya kiwiko, kuzunguka mkono wote kama bangili pana, kulikuwa na vitone vyekundu vingine, vipya kabisa.

"Sista," alimwita muuguzi aliyekuwa amemfuata. "Hapa palifungwa nini?"

"Hapo? Kile kitambaa cha kupimia presha. Nilimpima mimi mwenyewe alipofika."

"Ulimpiga?"

"Mimi? Mama! Nimpige mtoto wa watu?"

"Basi mtazame mkono wake."

Muuguzi alitazama. Daktari naye akasogea, akainama, na jalada likashuka kutoka kifuani. Hakuna aliyesema kitu, hata shangazi, jambo ambalo muuguzi alilisimulia baadaye kwenye kantini kama muujiza wa pekee aliowahi kuuona kwa macho.

"Kama kukaza kitambaa tu kunamtoa damu chini ya ngozi," Mama Rudia alisema, "mimi sijui kama kuna haja ya mtu kumpiga. Lakini usinisikilize mimi. Mimi ndiye niliyekosea asubuhi. Njoo tukaulize kioo."

"Lakini mama, wewe mwenyewe umeandika imeganda."

"Niliandika. Sikuingiza kijiti. Nilikuwa nawahi chai."

Haikuwa rahisi kuyasema hayo mbele ya watu. Shingo yake yote ilipata moto. Lakini aliyasema, kisha akatangulia, na daktari akamfuata kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, ingawa safari hii mwenye kosa alikuwa mwalimu.

Dakika kumi zilikuwa zimepita kumi na tatu. Aliisuuza rangi, akakausha kioo, akakiweka chini ya hadubini. Kwanza alitazama kingo, kule ambako chembe zilizoshikana hupenda kurundikana. Patupu. Akaingia katikati, akihesabu kwa midomo. Katika kila duara alilolitazama alipaswa kuona mafundi bomba kumi au zaidi wametawanyika. Aliona mmoja. Akasogeza kioo, hakuna. Akasogeza, hakuna. Akasogeza, mmoja tena, mkubwa na mnene, kama aliyetumwa peke yake kufanya kazi ya kijiji kizima.

Kisha akaacha kuhesabu, na daktari akaona mabega yake yamepanda. Alikuwa anazitazama chembe nyeupe, moja moja, akitafuta wageni wabaya wa saratani ya damu, ambao yeye hakupenda hata kuwataja jina, wale ambao ukiwaona kwenye damu ya mtoto unatamani kazi nyingine. Alitafuta muda mrefu. Mabega yakashuka.

"Hawapo," alisema. "Nyeupe ni nzuri, nyekundu ni nzuri. Ni mafundi bomba tu waliotoweka. Tazama."

Daktari aliweka jicho. Alikaa hapo kama dakika nzima.

"Elfu saba," alisema hatimaye.

"Elfu saba. Pengine sita. Shemeji amesema kweli, na leo nitamwomba radhi kwa mdomo wangu."

"Kwa hiyo mwili wenyewe unazila. Baada ya mafua." Daktari alijikuna kisogo. "Nimewahi kusoma. Sikuwahi kuona."

"Umeona sasa."

"Mama, nilikuwa namtoa mtoto mikononi mwa mama yake."

"Tulikuwa," alisema Mama Rudia. Akachukua karatasi mpya, akaandika namba, na chini yake, kwa herufi kubwa, neno ambalo dirisha lile halikuwahi kulitoa: *USIRUDIE*. Alikuwa na maana kwamba mtoto asichomwe tena bure. Muuguzi aliibandika nakala yake mlangoni kwa wiki nzima.

Afisa wa ustawi wa jamii alifika na faili lake, mama mwenye viatu vilivyolika upande. Daktari alimpokea mwenyewe, akamweleza kosa lilipoanzia na lilipoishia, akamwonyesha ile bangili ya vitone. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuzungumza na mama na mtoto kwanza, kama kazi yake inavyotaka. Alitoka baada ya robo saa akitabasamu, duara jeupe la chaki limechorwa nyuma ya kiganja chake.

"Amesema na mimi nina doa," alieleza. Akafunga faili.

Panzi alilazwa siku tano. Mtaalamu wa watoto alikuja akaeleza kwamba watoto wengi wa namna hii hupona, wengine kwa wiki, wengine kwa miezi, kwamba kwa sasa asiruke, asipande, asianguke, na asipewe dawa yoyote ya maumivu bila kuuliza. Kumwambia Panzi asiruke ilikuwa kama kumwambia maji yasitiririke, lakini waliporudi nyumbani mama yake alitandika magodoro ya sponji kuzunguka cherehani, akamkalisha katikati na kumpa kazi ya kupanga vifungo kwa rangi. Siku zile za wodini shangazi alikuja kila siku. Siku ya pili aliketi kimya. Siku ya tatu aliketi karibu na wifi yake, na siku ya nne alisikika akimwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani, "Mimi tangu mwanzo nilisema ni damu."

Wifi yake alimtazama. Kisha akacheka mpaka ikabidi ashike tepu shingoni.

Baada ya hapo ikawa kila Ijumaa. Kichwa kidogo kilitokea dirishani, kimeinuliwa kutoka chini na mikono ya mama yake.

"Leo ngapi?"

"Elfu kumi na tisa."

"Naweza kuruka?"

"Huwezi."

Ijumaa nyingine zikawa elfu arobaini na mbili. Nyingine zikashuka elfu thelathini, na siku hiyo hakuna aliyetania. Mama wa kambo aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba bila kuitazama mara ya pili. Kila mara Mama Rudia aliingiza kijiti, akapaka kioo, akatazama, ndipo akaandika. Chai iliachwa ipoe itakavyo.

Ijumaa ya kumi na moja alitoka mwenyewe mlangoni, karatasi mkononi, miwani zote mbili zimepanda kichwani.

"Laki moja na elfu themanini," alisema.

Mama wa kambo alimweka mtoto chini, polepole, kama anayeshusha kitu cha kioo. Panzi alimtazama, akamtazama Mama Rudia.

"Naweza?"

"Daktari alisema zikifika hapa unaweza. Subiri lakini." Akaingia ndani, akatoka na kifaa chake kidogo cha kuhesabia chembe, chenye vitufe vinavyolia *ka* kila vikibonyezwa. "Haya. Nahesabu."

Kutoka kwenye mkoba mama wa kambo alitoa kamba ya kurukia, aliyoishona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, rangi kumi na kitu. Ilionekana imekaa mkobani muda mrefu, imengoja kila Ijumaa. Panzi akaishika ncha mbili. Muuguzi akasimama. Daktari kijana, aliyekuwa anapita na haraka zake, akasimama pia.

*Ka, ka, ka, ka*, vitufe vililia. Nne, tano, sita. Ya saba kamba ikamnasa mguuni, akayumba, mama yake akatupa mikono mbele, naye akasimama wima mwenyewe, anahema, amekunja uso kwa hasira.

Mama Rudia alirudisha kifaa chake kwenye sifuri.

"Rudia," alisema.